Kwenye kundi, wanaojibu ni wale ambao watoto wao walipona

Mama aliingia chumbani kwangu na mtoto mgongoni, akakaa, na kabla sijauliza chochote akanipa simu yake. "Dokta, samahani, soma hapa kwanza."

Nikasoma. Yalikuwa mazungumzo ya kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaani kwao, yaliyoanza saa tatu usiku wa juzi yake na kuendelea mpaka karibu na alfajiri. Mtoto wake ana homa na anakohoa, afanyeje? Mmoja akajibu kuwa ni hali ya hewa tu, kila mtoto anakohoa msimu huu. Wa pili akasema wake alikuwa hivyo hivyo, walipopima ikaonekana UTI. Wa tatu akaweka picha ya chupa ya antibayotiki iliyobaki nusu na kuandika, "Hii ilimsaidia wa kwangu, mtume mtu aje achukue." Wa nne alishauri asali na limau. Wengine wakaandika pole na dua. Mama alimtuma mdogo wake akachukue ile chupa, na mtoto akapewa dawa usiku ule, kesho yake asubuhi na jioni.

Mtoto alikuwa na miezi saba. Nilimwomba mama amfungue, tukamwacha atulie kifuani kwake, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 62. Kwa mtoto wa umri wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia hutufanya tufikirie nimonia. Sehemu ya chini ya kifua chake ilikuwa inabonyea ndani kila alipovuta hewa, na hiyo ni dalili kwamba mambo yamefika mbali. Tulimlaza saa ile ile na kumwekea oksijeni.

Baadaye, nilipopata nafasi, nilimwomba tena ile simu. Nilisoma meseji zote tangu mwanzo. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza mtoto anapumuaje.

Msomaji wangu, naomba usidhani nataka kukugombeza kwa kuwa kwenye kundi. Mimi mwenyewe nimo kwenye makundi yasiyopungua kumi na mawili: ya ukoo, ya kanisani, ya wazazi wa darasa la binti yangu, ya waliosoma pamoja nami, na mawili ya madaktari. Najua utamu wake na najua kero zake. Najua pia kuwa wapo wenzangu kazini ambao mgonjwa akitaja tu neno "kundi" wanakunja uso. Sikubaliani nao, na nitasema kwa nini. Lakini kwanza nikuambie kosa langu, maana nisipolisema utafikiri nazungumzia ujinga wa watu wengine.

Miaka michache iliyopita binti yangu alikuwa darasa la awali. Kundi la wazazi lilipogundua mimi ni daktari, nikawa zahanati ya bure. Sikuchukia, kusema kweli nilifurahia. Siku moja mzazi aliuliza mtoto wake wa kilo kumi ana homa, ampe parasetamoli kiasi gani. Nilikuwa kwenye foleni ya magari. Nikaandika: "Mpe mililita 5, rudia baada ya saa sita kama homa bado ipo." Jibu lilikuwa sahihi kwa yule aliyeuliza, maana alikuwa na dawa ya maji ya kawaida ambayo kila mililita 5 ina miligramu 120.

Wiki mbili baadaye mzazi mwingine, ambaye hakuwa ameuliza kitu, mtoto wake wa miezi minane akapata homa. Akapandisha juu mazungumzo mpaka akaliona jibu la dokta. Akalifuata barabara. Ila yeye duka la dawa lilikuwa limempa matone ya watoto wachanga, kile kichupa kidogo chenye kibomba, ambapo kila mililita moja ina miligramu 100. Mililita 5 zikawa miligramu 500. Alimpa asubuhi, mchana na jioni. Jumla miligramu 1,500 kwa mtoto wa kilo nane, ambaye kwa siku nzima hakutakiwa kuvuka takriban miligramu 480.

Nililijua hilo kwa bahati tu. Usiku aliandika kwenye kundi: "Dokta, dawa imeisha na joto linarudi, ninunue nyingine?" Akaweka picha ya kichupa. Nilipokiona miguu iliniishia nguvu. Nilimpigia, nikamwambia aende hospitali usiku ule ule, nami nikamfuata huko. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na mwanzoni mtoto anaweza kuonekana hana shida kabisa, anacheza, ananyonya, kumbe kazi inaendelea ndani. Alipewa dawa ya kuzuia sumu hiyo, akapimwa damu mara kadhaa, akakaa wodini siku nne. Alitoka mzima. Mama yake aliniomba msamaha mimi, jambo ambalo mpaka leo linanichoma, kwa sababu wa kuomba msamaha nilikuwa mimi.

Nilijifunza kitu ambacho shule ya udaktari haikunifundisha. Chumbani kwangu nikisema "mililita 5", maneno yale yanamhusu mtoto aliye mbele yangu, mwenye uzito niliousoma kwenye kadi, na chupa niliyoiandika mwenyewe. Kwenye kundi maneno yale yale yanabaki pale ukutani kwa miezi, na kila anayepita anaweza kuyachukua. Nilidhani nazungumza na mzazi mmoja, kumbe nilikuwa nawaandikia watu 80 ambao sijui watoto wao wana kilo ngapi.

Sasa nirudi kwa wenzangu wanaokunja uso.

Makundi yanafanya kazi ambayo sisi hatuifanyi. Chukua wazazi wa watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu. Mzazi anaambiwa jibu la kipimo kliniki, anapewa maelezo ya dakika kumi, anaondoka na foliki asidi na tarehe ya kurudi. Saa nane usiku, mtoto analia mikono imevimba, nani atamwelewa? Mumewe amesafiri. Mama mkwe anasema mtoto amerogwa, au kwamba ugonjwa huo haukuwahi kuwapo upande wao. (Nimewaona wanandoa wakiachana kwa maneno hayo, ilhali mtoto hawezi kuwa na selimundu bila kurithi kutoka kwa pande zote mbili.) Lakini kwenye kundi kuna mwanamke mwingine yuko macho naye, ana mtoto wa miaka tisa, amepita huko. Anaandika: "Niko hapa. Mpe maji. Mfunike. Joto likiwa 38 au zaidi usingoje asubuhi."

Hiyo ni huduma. Sina jina jingine la kuiita. Kundi hilo hilo litakuambia ni duka gani la dawa mjini lina haidroksiyurea wiki hii, ni siku gani kliniki haina watu wengi, na litapata mtu wa kuchangia damu kabla gari la wagonjwa halijafika. Litakuchangia nauli. Na siku mtoto akifaulu darasa la saba, watu 200 ambao hamjawahi kuonana watashangilia, kwa sababu wanajua safari yenyewe.

Kuna hata ujuzi wa kitabibu ambao nafikiri unasambaa vizuri zaidi kwa mzazi kumfundisha mzazi. Mtoto mdogo mwenye selimundu anaweza kupatwa na hali ambayo bandama linanasa damu nyingi ghafla na kuvimba, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Jamaica, kati ya miaka ya 1970 na 1980, madaktari waliamua kuwafundisha wazazi kupapasa bandama nyumbani, chini ya mbavu za kushoto, ili wajue likikua na wakimbie hospitali. Vifo vya watoto kwa tatizo hilo vilipungua sana. Hawakupewa mashine wala dawa mpya. Walipewa vidole vyao na mtu wa kuwaonyesha. Nimemsikia mama mmoja kwenye benchi la kliniki akimwelekeza mwenzake kwa simu namna ya kupapasa, taratibu, mtoto amelala chali, magoti amekunja. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi.

Kwa hiyo tatizo liko wapi?

Watu wengi hufikiri tatizo ni uongo unaosambazwa. Tunaukumbuka mwaka 2020, kila simu ilikuwa na maelekezo ya nyungu na tangawizi, na WhatsApp wenyewe mwezi Aprili mwaka huo wakaweka kizuizi ili ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usiweze kutumwa kwa zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Ujumbe wa namna hiyo una alama ya mishale miwili juu yake, na wazazi wengi siku hizi wakiuona wanacheka na kupita. Mimi ninachoogopa zaidi ni ujumbe usio na mshale wowote. Unatoka kwa mtu unayemjua, anayekupenda, na anasema kweli tupu: "Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo, nilimpa hii, akapona."

Akapona kweli. Lakini fikiria. Homa nyingi za watoto zenye mafua huletwa na virusi na hushuka zenyewe ndani ya siku chache. Kwa kawaida mzazi anaanza dawa siku ya pili au ya tatu, pale wasiwasi unapomzidi, yaani karibu na wakati ambao homa ingeshuka hata angempa mtoto maji ya dafu. Kesho yake mtoto anacheza, na dawa inapata sifa isiyostahili. Sifa hiyo inaingia kwenye kundi, inapata dole gumba thelathini, na mwezi unaofuata inamfikia mtoto mwenye nimonia.

Halafu kuna wale ambao hawaandiki. Mama ambaye alijaribu dawa ile ile na mtoto akazidiwa, huyo hawezi kurudi kwenye kundi kuandika "kwangu haikufaa". Yuko wodini, simu haina chaji. Na yule aliyefiwa, unajua anavyofanya? Siku ya kwanza kuna rambirambi na mchango. Baada ya wiki mbili au tatu unaona maandishi madogo ya kijivu katikati ya skrini, kwamba fulani ameondoka. Hakuna anayemuuliza kwa nini. Hawezi kukaa akisoma habari za meno na kutambaa. Anaondoka na habari ambayo kundi lilihitaji kuliko zote, na wanaobaki kujibu maswali ni wale ambao watoto wao walipona. Ndiyo maana kundi la wazazi, hata likiwa na watu waaminifu kabisa, huwa linaona dawa zinafanya kazi kuliko zinavyofanya.

Kuna wagonjwa waliowahi kupambana na jambo hili hili, na kisa chao huwa nakisimulia kwa wanafunzi wangu. Marekani kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaojulikana kwa kifupi kama ALS. Upo hata kwetu, ila kule unafahamika zaidi. Misuli hudhoofika mpaka mtu anashindwa kutembea, kumeza na kupumua. Hauna tiba ya kuuponya. Mwaka 2004, ndugu wa kijana mmoja mwenye ugonjwa huo, Stephen Heywood, walikuwa miongoni mwa walioanzisha mtandao wa wagonjwa ulioitwa PatientsLikeMe. Tofauti yake na makundi yetu ilikuwa moja: mgonjwa hakuandika tu anavyojisikia, alijaza pia hali yake kwa namba, dawa anazotumia, kiasi chake na tarehe.

Mwaka 2008 madaktari wa Italia walichapisha utafiti mdogo uliodai kuwa dawa iitwayo lithiamu inapunguza kasi ya ugonjwa huo. Wagonjwa waliopewa lithiamu katika utafiti ule walikuwa 16 tu. Habari ikaenea kama moto wa nyika, na wagonjwa wengi wakaanza kuitumia bila kungoja. Ungekuwa wewe, ungengoja? Mimi sidhani kama ningengoja. Lakini wale waliokuwa kwenye mtandao ule waliendelea kujaza namba zao, wanaopata nafuu na wasiopata, na waliozidiwa pia. Mwaka 2011 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature Biotechnology. Wagonjwa 149 waliotumia lithiamu walilinganishwa na wengine wanaofanana nao ambao hawakuitumia. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Tafiti nyingine za hospitali nazo hazikuona faida.

Ninawaheshimu sana watu wale. Walikuwa wanakufa, walitaka sana dawa ile ifanye kazi, na wakakubali kuandika kwamba haifanyi. Kundi la WhatsApp halikuumbwa kwa kazi hiyo. Halina safu ya kuandika uzito, halina tarehe ya kuanza dawa, na halina pa kumhesabu aliyeondoka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na wanaotofautiana nami waniambie: liulize kundi kila kitu, isipokuwa mtoto ana ugonjwa gani na apewe dawa gani kwa kiasi gani. Dawa hupimwa kwa kilo za mtoto, na chupa mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana nguvu mara nne, kama zile mbili zilivyotofautiana. Antibiotiki ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji huharibika ndani ya wiki moja hadi mbili, kutegemea dawa yenyewe na kama ilikaa kwenye friji. Nusu chupa ya jirani kwa kawaida imekwisha kuharibika. Asali aliyopewa mtoto wa miaka mitatu kwa kikohozi haina neno, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake. Kuna watoto ambao damu yao ina upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na baadhi ya dawa zisizomdhuru jirani huzipasua chembe zao nyekundu za damu mpaka mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Huwezi kumwona mtoto wa namna hiyo kwa macho. Na haidroksiyurea, ambayo imewasaidia sana watoto wa selimundu, inataka kipimo cha damu kila mara. Nimekutana na mzazi aliyempandishia mtoto dozi kwa sababu "kwenye kundi wenzake wanatumia mbili".

Zipo hali ambazo hata swali lenyewe usiandike. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au usingizi usio wa kawaida, anapumua haraka au kifua kinabonyea, usitoe simu kutafuta ushauri. Itoe kutafuta usafiri. Hapo kundi lina kazi kubwa: nani ana gari, nani yuko karibu, nani atabaki na watoto wengine.

Jambo jingine, fupi, lakini linanikera. Picha. Wazazi wanapiga picha upele wa mtoto akiwa uchi, wanapiga picha karatasi ya maabara yenye jina lote, na mara moja niliona kadi ya CTC ya mama imewekwa kwa bahati mbaya ndani ya kundi la shule, aliyekusudia kumtumia dada yake. Aliifuta ndani ya dakika mbili. Watu walikuwa wamekwisha kuiona, na mwezi uliofuata alimhamisha mtoto shule. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye zile zinazoitwa nyeti. Sheria ni nzuri, lakini haimrudishii mtu siri iliyokwisha kutoka. Mtoto wako leo ana miaka miwili. Atakapokuwa na kumi na sita hatakushukuru kwa picha ile. Sisi madaktari nasi tujitazame. Kwenye makundi yetu tunatumiana picha za eksirei kuulizana, na ni msaada mkubwa kwa aliye peke yake wilayani, lakini zaidi ya mara moja nimeona jina la mgonjwa halikufutwa.

Na kwa kuwa nimewagusa madaktari, nimalizie deni langu kwao. Tunalalamika kwamba wazazi wanakuja wakiwa wamekwisha kujitibu kwa simu. Hebu tuulize waliikosa wapi ile simu nyingine. Mzazi amekaa kwenye benchi saa nne, ameingia, tumemwona kwa dakika tano huku tunaandika, tumempa karatasi yenye mwandiko ambao hata mfamasia anaukunjia macho. Akiuliza swali la pili tunatazama mlango. Akifika nyumbani anagundua hakuelewa kama dawa ni kabla ya kula au baada. Atamuuliza nani? Kituo hakina namba ya kupiga, na kama ipo haipokelewi. Kundi linapokea. Linapokea saa nane usiku. Pale tulipoacha pengo, watu wameliziba kwa walichonacho, na mara nyingi walichonacho ni wema wao kwa wao.

Vipo vituo ambako muuguzi mmoja ameanzisha kundi la wazazi wa kliniki yake, anawakumbusha tarehe za chanjo, na swali la dawa likija anamwambia mzazi ampigie yeye pembeni. Halihitaji bajeti ya wizara. Linahitaji bando, na mkuu wa kituo anayekubali kuwa hiyo nayo ni kazi.

Wewe mzazi unayeongoza kundi, yaani admini, una nguvu kuliko unavyodhani. Mtu akiweka dozi, mwambie kwa upole aifute. Mimi nikiulizwa siku hizi sijibu kwa mililita. Nauliza: ana kilo ngapi, ana umri gani, anapumuaje, ananyonya? Kisha namwambia anipigie au aende kituoni. Wengine wanasema dokta siku hizi amekuwa na maringo. Sawa tu.

Yule mtoto wa miezi saba alikaa wodini siku tano. Siku ya kutoka, mama yake aliniuliza kama ni vibaya akiandika kwenye kundi lao yaliyompata, maana anaogopa aliyempa ile chupa ataona anamsema. Nilimwambia aanze kwa kumshukuru, kisha aandike yote, pamoja na kwamba dawa haikufaa. Tuliandika pamoja pale kitandani, yeye akichapa kwa kidole gumba huku mtoto akivuta kamba ya simu. Akaongeza namna ya kuhesabu pumzi: mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi, tazama tumbo linavyopanda, hesabu kwa dakika nzima, 50 au zaidi kwa wa chini ya mwaka, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha yule mwenye chupa akaandika, "Pole sana mama, sikujua." Halafu mwingine, ambaye mama aliniambia hajawahi kuandika chochote tangu aingizwe kwenye kundi, akauliza: kama mtoto amelala, zinahesabiwa vile vile?

Zinahesabiwa vile vile. Na akiwa amelala ndiyo rahisi zaidi.